Darubini au vilengeo vya chuma kwenye bunduki ya wenzo? Naombeni ushauri wakuu

Mpogoro_Ughaibuni
Wakuu, salaam. Nipo Pennsylvania, Marekani, mwaka wa saba sasa. Nina bunduki ya risasi saizi ya .30-30, ile ya kusukuma wenzo chini ndiyo ijaze risasi. Nawinda msituni, mbali sana ni yadi 80. Juzi kulungu kasimama mbele yangu katulia kama ng'ombe wa maziwa, nikamkosa. Nifunge darubini au nibaki na vilengeo vyake? Usingizi sipati.

Gobore la Babu
Babu yangu Sikonge alikuwa anaangusha nyati kwa gobore, risasi ni kipande cha nondo. Siku moja likagoma kulipuka, akaliinamia achungulie… hiyo stori ya siku nyingine. Kwako tatizo ni mikono, mkuu.

Mama Tabu
Na nyama bucha zipo. Huyo mnyama kakukosea nini?

Kamau wa Nyeri
Sisi huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Nasoma tu na wivu.

Fundi Wenzo
Mleta uzi, la muhimu umelificha. Bunduki yenyewe ni Marlin 336 au Winchester 94? Na una umri gani?

Mpogoro_Ughaibuni
Umri unaingiaje hapa? Winchester. Miaka 51.

Fundi Wenzo
Unaingia sana, subiri. Ya mwaka gani?

Mpogoro_Ughaibuni
1951. Ya marehemu baba mkwe. Ila darubini nimeshanunua, na fundi wa kutoboa matundu ya kuifungia nimeshaongea naye. Siharibu kitu, hapa nyumbani anayeitumia ni mimi tu.

Fundi Wenzo
Usitoboe! Winchester 94 za miaka hiyo hutupa ganda la risasi juu. Ukiweka darubini katikati, ganda linaigonga na kurudi ndani. Marlin hutupa pembeni, ndiyo maana darubini inakaa bila shida. Halafu za kabla ya 1964 ambazo hazijaguswa wakusanyaji wanazitafuta. Tundu moja tu, bei chali.
Umri sasa. Jicho lako linalazimishwa kuona kilengeo cha nyuma, cha mbele na kulungu kwa pamoja. Kwa miaka 51 haliwezi tena. Weka kilengeo cha tundu karibu na jicho: unachungulia tu, jicho linabaki na kazi ya nukta ya mbele. Angalia ubavu wa kushoto. Ukiona skrubu mbili ndogo za kuziba, matundu yake tayari yapo.

Gobore la Babu
Mke anajua bunduki ya baba yake inaenda kutobolewa?

Mpogoro_Ughaibuni
Mambo ya ndani tuyaache.

Shabaha Butu
Ngoja kwanza. Msimu wa kulungu kwa bunduki huko Pennsylvania huanza mwishoni mwa Novemba. Leo ni Julai. Hiyo "juzi" ni ipi? Hii chai.

Kamau wa Nyeri
Chai na mandazi 😂

Mama Tabu
Nilijua tu. Kulungu wa watu yuko salama.

Mpogoro_Ughaibuni
Juzi nina maana Desemba! Mtu anaomba msaada mnamfanya mwongo?

Shabaha Butu
Tupia picha ya ubavu wa kushoto basi.

Mpogoro_Ughaibuni
Haipo nyumbani. Iko kwa fundi tangu Jumatatu.

Fundi Wenzo
Mpigie sasa hivi.

Mpogoro_Ughaibuni
Inaita tu, hapokei.