Shogangu ndo alokua anatuficha, sa hii yuko na mpenzi wangu

Jozi_Moja:
Dada zangu naomba mnisikilize. Niko Mombasa, nilikua na mwenzangu, mwanamke kama mimi, miaka minne, nyumbani hakuna anojua ila shogangu mmoja tulosoma wote tangu darasa la tano. Yeye ndo alokua kinga yetu, nikilala kwa mwenzangu mama anajua niko kwa shogangu, akipiga simu anaambiwa yuko bafuni. Mwaka jana nkanunua leso jozi moja imeandikwa WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI, nkaikata, kipande changu kimoja na mwenzangu kimoja. Juzi kwa harusi namuona shogangu kajifunga kile cha mwenzangu, kina doa la hina pembeni nalijua, nlikua nampaka mimi. Kumuuliza hata hakukana, wako pamoja tangu Ramadhani. Kuachwa kunauma lakini watu huachwa. Kinoniua ni kwamba siwezi kumsuta! Angeniibia mume ningekusanya wanawake twende na ngoma mpaka mlangoni kwake, ila huyu nikimsuta nimejisuta mwenyewe. Na katuma mesej ati nikileta maneno picha zetu anazo. Nalia bafuni na mfereji nimeufungua. Nifanyeje?

Mama_Wawili:
Pole sana mwanangu. Mwambie mamako umegombana na shogako. Si uongo, na shoga wa tangu darasa la tano akikutoka unaruhusiwa kulia mbele ya watu, hakuna atakouliza zaidi. Usilie bafuni.

Wa_Eastlands:
Hiyo mesej usifute, piga skrinshoti umtumie mtu unayemwamini. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kifungu cha 37, kusambaza picha za mtu za faragha ni faini mpaka shilingi 200,000 au jela miaka 2. Najua polisi wanaogopesha, Mahakama Kuu Mei 2019 ilikiacha kile kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kinachofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, vile kilivyokuwa, so usiende peke yako. Lakini Februari 2023 Mahakama ya Juu ilisema mashirika yetu yana haki kusajiliwa, na huko kuna mawakili wanaojua haya mambo, anza na hao.

Chumvi_ya_Lamu:
Mbona nyote mwamsema shoga tu? Huyo mpenzi je? Leso alitoa nani? Na hizo picha shogako kazipata wapi?

Jozi_Moja:
@Chumvi_ya_Lamu nimesoma swali lako nkaketi kitako. Picha zilikua kwa simu mbili, yangu na ya mwenzangu. Siku zote hizi nlikua namtetea moyoni nikisema kadanganywa, kumbe yeye ndo kazitoa. Skrinshoti nimepiga, ntatafuta hao mawakili. Na mama nimemwambia tumegombana na shogangu. Hakuuliza neno, kanikalisha chini kwa mkeka akaanza kunisuka, nkalia mpaka akamaliza kichwa chote.