Kilimanjaro mwanzoni mwa mwezi wa sita, theluji inakuwa bado ipo?

MwanaziwaUjiji
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma hapa Mwanga, tupo watatu tunataka kupanda Kilimanjaro shule zikifunga tu, mana mmoja wetu ni mwalimu na muda wake ndo huo. Tumepanga njia ya Marangu siku tano, getini tarehe 7 Juni. Sasa kuna mtu katuambia masika ikiisha huku chini, kule juu theluji inakuwa bado imelala, na mimi theluji sijawahi hata kuikanyaga. Inaanzia wapi, na inaweza kutuzuia? Mazoezi tunafanya, mwaka jana tulipanda Nkungwe kule Mahale, mita 2,462, ila kule ni jasho tu hakuna baridi. Viatu tumepata vya mtumba vizuri. Naombeni ukweli, hela tumeichanga mwaka mzima.

MgumuWaKasulu
Karibu sana kaka. Mimi nimebeba mizigo mlimani miaka sita kabla sijahamia huku, sisi wapagazi tunaitana wagumu. Mpaka Kibo Hut, kambi ya mwisho, mita 4,720, usiwe na hofu, utakutana na tope msituni kabla ya Mandara, kambi ya kwanza, basi. Kutoka Kibo mnaanza saa sita usiku, ile changarawe inakuwa imeganda haiteremki sana, mnafika Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, mita 5,685. Kazi ya theluji inaanzia hapo, mana kutoka Gilman's mpaka kilele cha Uhuru unafuata ukingo wa kreta, saa moja na nusu au mbili, na theluji ya masika inabaki hapohapo njiani. Watu wa jana wamepita mchana ikiwa laini, usiku nyayo zao zinaganda zinakuwa vishimo vigumu kama tofali, wewe unaweka mguu kwenye shimo la mtu mwingine haukai sawa, unateleza au unateguka. Kwa hiyo fimbo mbili, na kodini Moshi zile chuma za meno za kuvalisha chini ya kiatu pamoja na vitambaa vya kufunga kuanzia kiatu mpaka chini ya goti theluji isiingie. Miwani ya jua msiache kabisa!! Jua likitoka juu ya theluji macho yanachoma kama yamemwagiwa mchanga, nimeshashika mkono mtu mzima kumshusha haoni vizuri.

DadaWaTabora
Mwanaziwa mdogo wangu hebu nisikilize kwenye viatu. Mimi nilienda mwezi wa sita mwanzoni na buti za mtumba, juu zinang'aa, kumbe zilikaa stoo miaka gundi ikakauka, mvua ya siku ya kwanza ikazilowesha, tunafika Horombo, kambi ya pili, soli ya kulia imeachia kuanzia kwenye kisigino. Mpishi wetu akanifunga kwa waya na kamba, nikafika Gilman's soksi zimelowa vidole sivisikii, gaidi, yaani muongoza njia wetu, akasema dada tunageuza, nikalia pale lakini nikageuka, na nashukuru nilimsikiliza. Hafu siku tano ni chache, nyie mnatoka ziwani mita 773, mimi huku Tabora niko 1,200 na bado kichwa kilinipasuka. Ongezeni siku ya kulala Horombo mara mbili, mchana mnapanda kidogo upande wa kilele cha Mawenzi mnarudi kulala chini.

MgumuWaKasulu
Dada kasema kweli tupu. Na kama mwalimu likizo inamruhusu sogezeni mbele, kila wiki ya ukavu inapunguza theluji na njia inakuwa imeshakanyagwa. Chagueni usiku wa mbalamwezi, pale ukingoni unaona mbele. Chupa ya maji iwekeni kichwa chini mana maji yanaganda kuanzia juu, ile mirija ya kunyonyea inaziba mapema sana. Na mkubaliane leo mkiwa nyumbani kwamba gaidi akisema tugeuze hakuna kubishana, Gilman's penyewe cheti mnapewa.

MwanaziwaUjiji
Asanteni sana dada na kaka, nimewasomea wenzangu yote. Mwalimu anasema tarehe 20 bado yupo likizo, kwa hiyo tunaenda hiyo na siku zinakuwa sita, hela ya siku ya ziada tutachanga tena. Saa hii viatu vya wote watatu vipo kwenye beseni la maji, vinalala humo mpaka asubuhi hafu tunapanda navyo milimani kuelekea Kasulu, soli itakayoachia iachie hukuhuku.