Navidrome kwenye Synology: inazima na kujiwasha, na maktaba inaonyesha nyimbo 0

msikilizaji_tanga

Wakuu, naombeni msaada. Nina NAS (kifaa cha kuhifadhi faili kwenye mtandao wa nyumbani) ya Synology ya diski mbili, mfumo wake DSM 7.2, RAM GB 2. Nataka Navidrome, programu ya kusikiliza muziki wako kupitia mtandao, ihudumie muziki wa nyumba nzima. Faili ni kama 9,000, nusu FLAC nusu MP3, ziko kwenye folda ya music. Naiendesha ndani ya kontena ya Docker. Nilianza bila mstari wa user (unaotaja mtumiaji wa kuiendesha), ikawaka, ila ikaonyesha nyimbo 0. Nikaongeza PUID=1027 na PGID=100 ili kontena isiendeshwe na root (mtumiaji mkuu wa mfumo), hakuna kilichobadilika. Nikaweka user, na tangu hapo inazima na kujiwasha. Logi inasema "attempt to write a readonly database". Faili yangu ya Compose, yenye mipangilio ya kontena, hii hapa:

```
services:
  navidrome:
    image: deluan/navidrome:latest
    container_name: navidrome
    user: "1027:100"
    ports:
      - "4533:4533"
    volumes:
      - /volume1/docker/navidrome:/data
      - /volume1/music:/muziki
    restart: unless-stopped
```

fundi_rafu

Mkuu, hapo una matatizo mawili yasiyohusiana.

Nyimbo 0: Navidrome inatafuta muziki kwenye /music ndani ya kontena. Wewe umeupeleka /muziki. Haikulalamika kwa sababu imeji (kifurushi ambacho kontena hutengenezwa nacho) huja na /music tupu, kwa hiyo imeikagua ikakuta hamna kitu. Upande wa kushoto wa nukta pacha ni njia ya kwenye NAS, wa kulia ni ya ndani ya kontena, na huo wa kulia usiutafsiri. Andika:

`- /volume1/music:/music:ro`

Hiyo ro ina maana ya kusoma tu. Navidrome haihitaji kuandika kwenye nyimbo zako, basi usiipe nafasi.

Kuzima na kujiwasha: mara ya kwanza iliendeshwa na root, kwa hiyo navidrome.db, hifadhidata yake, ni mali ya root. Ulipoweka 1027, mtumiaji huyo anaiona faili ila hana ruhusa ya kuiandika. PUID na PGID hazikufanya kitu kwa kuwa imeji hii haizijui kabisa. Zinatumika kwenye imeji za watengenezaji wengine, watu wanazinakili tu. Hapa ni mstari wa user peke yake.

Simamisha mradi kwenye Container Manager (programu ya Synology ya kuendesha kontena), ingia kwa SSH (kuandika amri kwenye NAS kutoka kompyuta nyingine), hakikisha namba kwanza:

`id muziki`

(weka jina la mtumiaji uliyemtengeneza). Usikisie. Kwenye Synology mtumiaji wa kwanza kwa kawaida ni 1026, wengine wanafuata. Kisha mpe umiliki wa folda kwa chown:

`sudo chown -R 1027:100 /volume1/docker/navidrome`

Halafu Control Panel, Shared Folder, fungua Permissions: mtumiaji huyo apewe Read/Write kwenye docker na Read kwenye music. Hatua hii wengi wanairuka, kisha wanashangaa chown imefanyika na bado kuna kikwazo. Synology ina ruhusa zake za folda za pamoja juu ya zile za kawaida za Linux.

Ukiwasha, jaribu `sudo docker exec navidrome ls /music`. Ukiona folda zako, umemaliza. Ukiona "Permission denied", rudi kwenye Permissions.

kabati_la_santuri

Naongezea. Ondoa latest, andika namba ya toleo. Toleo la 0.55 lilibadilisha hifadhidata na namna ya kukagua maktaba, na kurudi nyuma bila bekapu haiwezekani. Weka bekapu sasa hivi, kabla hujatengeneza orodha za nyimbo. Tengeneza folda ya backup kwanza, maana Synology haiwashi kontena kama njia haipo:

```
    environment:
      ND_BACKUP_PATH: /backup
      ND_BACKUP_SCHEDULE: "0 3 * * *"
      ND_BACKUP_COUNT: "7"
```

na kwenye volumes: `- /volume1/docker/navidrome-backup:/backup`. Folda hiyo nayo ipigie chown. Umeme wa kwetu unakatika hifadhidata ikiwa katikati ya kuandikwa, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB ni muhimu. DSM huizima NAS kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha.

Jiandae pia na tagi. Navidrome haifuati majina ya folda, inasoma tagi (maelezo kama jina la msanii na albamu) zilizo ndani ya faili. Muziki wa dansi ndio unaoumiza hapa. Bendi moja utaikuta mara tatu: "DDC Mlimani Park Orchestra", "Mlimani Park" na "Sikinde". Fungua faili kwenye MusicBrainz Picard (programu ya kuhariri tagi), chagua jina moja, liandike kwenye Album Artist. Artist unaweza kuiacha na jina la mwimbaji. Fanya hivyo kwenye kompyuta kupitia folda ya pamoja, kisha bonyeza kukagua upya.

msikilizaji_tanga

Asanteni sana. Ilikuwa /muziki na chown, vyote viwili. Nyimbo zinaingia. Swali la mwisho: nikiwa nje ya nyumba? Nilifungua poti 4533 kwenye ruta, haifiki.

fundi_rafu

Angalia anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtandao wako unagawana anwani moja ya nje na wateja wengine, na kufungua poti hakutasaidia hata kidogo. Ifunge. Weka Tailscale (inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa siri) kutoka Package Center, iweke na kwenye simu, kisha tumia anwani inayokupa, poti ileile 4533. Kwenye simu weka programu ya kuchezea muziki: Symfonium au Substreamer kwa Android, Amperfy kwa iPhone.

Bando lipigie hesabu. FLAC ya 900 kbps inakula kama MB 405 kwa saa, MP3 ya 320 inakula MB 144, Opus ya 96 inakula MB 43. Ffmpeg, inayobadilisha nyimbo kuwa Opus wakati wa kusikiliza, imo tayari ndani ya imeji. Ingia kwenye Settings, Players, chagua simu yako, weka opus na kikomo cha 96. Simu inayobaki nyumbani kwenye Wi-Fi iache bila kikomo.