Taa za Rolls-Royce 20/25 ni hafifu, bosi anataka ning'oe waya zote. Nifanyeje?

Koili_Moja
Wakuu habarini. Mimi ni fundi umeme wa magari, mtu wa Tanga, sasa niko Coventry kwenye gereji ya magari ya zamani. Nimekabidhiwa Rolls-Royce 20/25 ya 1933, volti 12, mbele ina zile taa za Lucas P100 kubwa kama sinia la pilau. Mchana zinapendeza ajabu. Usiku ni vibatari.

Betri inasoma 12.4 taa zikiwaka, lakini kwenye holda za balbu napata 10.6. Balbu ni wati 36 kila moja. Halafu nikidimu (nikishusha mwanga), fyuzi iliyo nyuma ya rifleta, yaani bakuli la ndani ya taa linalorudisha mwanga, inaungua, ingawa si kila mara. Hii gari haidimu kama tulivyozoea: rifleta ya kushoto inavutwa na sumaku ya umeme inainama, taa ya kulia inazimika kabisa.

Bosi anasema ning'oe waya zote, nipige nene, niweke balbu za nyuzi mbili ili taa zote mbili zidimu. Roho inasita. Nisaidieni.

Njiapanda
Huku Mbeya ukiona taa moja inakuja usiku unajua ni bodaboda, unapita karibu bila wasiwasi. Kumbe tajiri na Rolls-Royce yake 😂 Ng'oa mkuu.

Mzee wa Dainamo
Njiapanda acha utani. Taa ndogo za pembeni zinabaki zinawaka, upana wa gari unaonekana. Na waliobuni mtindo ule hawakuwa wajinga. Balbu ya nyuzi mbili ilikuwepo, Osram walitoa Bilux 1924. Lakini kwenye rifleta kubwa kama ile, uzi ukisogea milimita chache tu kutoka mahali pake, mwanga unatawanyika. Ukiinamisha rifleta yenyewe, uzi haujahama, mwali ule ule unalala chini na kushoto. Ya kulia inazimwa kwa kuwa ndiyo iliyo upande wa anayekuja. Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi.

Fyuzi sasa. Sumaku ile inavuta kwa mkondo mkubwa. Rifleta ikifika mwisho inafungua kontakti, unabaki mkondo mdogo wa kushikilia tu. Ekseli ya rifleta, yaani kipini inachoinamia, ikiwa nzito haifiki mwisho, mkondo mkubwa unaendelea, fyuzi inakwenda. Usithubutu kuweka fyuzi kubwa. Utaunguza koili ya sumaku, na hiyo huipati Kariakoo.

Hesabu_Kwanza
Kabla hujang'oa, piga hesabu. Wati 36 mara mbili kwa volti 12 ni ampea 6. Umepoteza volti 1.8, maana yake njiani kuna kama omu 0.3. Waya wa shaba wa milimita mraba 2, mita 5, ni omu 0.04 hivi. Sasa waya nene utakuokoa nini? Ugonjwa uko kwenye maungio. Na mwanga hushuka haraka kuliko volti, hapo umepoteza kama asilimia 40.

Washa taa, chukua mita, ncha moja kwenye ganda la taa, nyingine kwenye tominali ya betri inayokwenda kwenye chesi. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari) ni mbovu.

Mama Houston
Shukuru yako ni 12, mwanangu. Sisi tuna Packard ya volti 6. Wati zile zile, ampea mara mbili, kwa hiyo ungio moja bovu linakula volti mara mbili, na ulizonazo ni nusu! Hata Cadillac walihamia 12 mwaka 1953 tu. Tulificha rilei (swichi ya sumaku inayobeba mkondo wa taa) karibu na taa, swichi ya zamani ikapumua. Waya hatukugusa.

Koili_Moja
Mzee shikamoo. Wote ahsanteni. Ethi imesoma 1.1 kushoto, 0.9 kulia! Kumbe aliyepiga rangi zamani alipaka hadi chini ya kikalio cha taa, umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za boliti tu. Nimekwangua mpaka chuma kikang'aa, nikapaka vaselini. Holda sasa 11.5. Grisi ya ekseli ya rifleta ilikuwa imeganda kama nta. Nimeosha kwa mafuta ya taa, nimedimu mara 50, fyuzi ipo.

Volti zinazopotea bado naona zinaliwa na sanduku la swichi pale dashibodi, kesho nalifungua. Bosi bado anaimba waya mpya. Za karibu na injini mpira umepasuka kweli, hapo ana haki, nitabadilisha hizo. Nyingine anifukuze kwanza.