Wakuu, ati "KITOWEO"! Mbele ya wageni 14!

Wakuu, naandika nikiwa kwenye benchi la soko la samaki, Puerto Ayora, visiwa vya Galápagos huko Ekuado, mkono unatetemeka, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Simtaji mtu. Mnamjua. Yule yule wa kofia, mweka hazina wa kila kamati ambayo hakuchaguliwa, aliyekuja msibani na vipeperushi vya safari. Ndiye aliyeandika kwenye kundi, "Wanadiaspora tutembee, maisha si zamu za usiku tu." Tukajiandikisha 9. Siku ya kulipa tukabaki wawili, mimi na yeye. Hapo ndipo malaika wangu alipokohoa, na mimi nikadhani ni mafua.

Meli yenyewe inabeba abiria 16. Ukipiga chafya chumbani, jikoni wanakuitikia. Siku nane baharini, hakuna pa kumkimbilia mtu, labda uruke.

Leo asubuhi tumeshuka kisiwa cha Plaza Sur. Boti za mpira za kutushushia huku wanaziita panga, naapa, siku ya kwanza kiongozi ametangaza "panga saa mbili kamili" nikalala na viatu. Gati la kisiwa ni dogo kama kibaraza cha duka, na juu yake kalala simba wa baharini, jike na mwanawe, wamejinyoosha kama wenye hati ya kiwanja. Sheria ya hifadhi ni kukaa mita 2 kutoka kwa mnyama. Sasa hizo mita 2 utazikata wapi? Kiongozi anapiga makofi, mama mtu anafungua jicho moja, anatutazama, analifunga. Tunaelea. Mimi nimekaa mbele kimyaaa, nawaangalia kaa kwenye mawe, wekundu kama waliokwishatolewa sufuriani. NAANGALIA TU.

Ndipo huyu bwana anawageukia wazungu wote, kwa kile Kiingereza chake cha kubana pua, anasema: "Samahanini, mwenzangu mumvumilie. Kwao hawa wote ni kitoweo."

KITOWEO.

Na "kwao"! Kwao wapi? Huyu mtu nimelala naye bweni moja Tabora, tumegombania ukoko wa ugali! Kwao na kwetu zimeachana lini?

Panga zima likacheka. Bibi mmoja Mjerumani akanishika bega akasema anaelewa, ni mila. MILA! Na kiongozi, kijana mpole kabisa wa visiwani, tangu hapo ananiweka mbele kwenye kila njia na kugeuka geuka nyuma, kama anawahesabu mijusi.

Halafu nani hasa amekula huku? Mabaharia wa meli za nyangumi walibeba kobe hai kwa mamia, wakawapanga ngamani, kobe anakaa hadi mwaka bila chakula wala maji akisubiri zamu yake ya kuwa mchuzi. Darwin mwenyewe, yule mwanasayansi, alipofika 1835 alikula kobe na akasifia. Mbona hakuna aliyemwombea msamaha kwenye panga?

Hapa nilipo, simba wa baharini mwingine kamwegemea nyonga mama muuza samaki, pua juu ya meza, kama mtoto anayesubiri chapati. Mama anamsukuma kwa kiwiko, anarudi. Anasukumwa, anarudi. Ndege wanne, wale mwari wa midomo mirefu, nyuma wamepanga foleni. Mama kakata kichwa cha samaki, kakirusha, kimedakwa hewani. Anakula kitoweo hadharani na hakuna anayesema kwao!

Bado siku nne. Na chumba ni kimoja, wakuu. Analala kitanda cha juu.

---

Mzee wa Kigamboni: Nimekaa siti ya mbele. Picha mkuu, bila picha hii ni chai ya rangi.

Binti Chake: Pole kaka. Ila hebu tuwe wakweli, ulisema nini kabla? Mtu haropoki kitoweo hivi hivi.

Mleta uzi: Sikusema kitu. Jana nilimuuliza tu kiongozi kama wale kaa wana nyama.

Binti Chake: Ahaa.

Nyundo: Kesi imekwisha. Mods fungeni.

Mleta uzi: Kuuliza ni kosa? Ni swali la kisayansi!

Nyundo: Mwanasayansi gani anauliza huku anameza mate?

Mleta uzi: Kwani nani kakuambia nilimeza mate??

Nyundo: Hakuna. Umeniambia wewe sasa hivi.

Mtani wa Jangwani: Mimi nimeganda hapo kwenye simba wanaolala gatini, wakipigiwa makofi wanafungua jicho moja. Mbona ni wale wale tunaowajua?

Mnyama Damu: Kila uzi lazima mlete uchokozi. Huko baharini angalau simba yupo. Yanga umeionea wapi?

Mtani wa Jangwani: Kasema mijusi ipo. Wa Plaza Sur ni wa njano. Nimemaliza.

Mnyama Damu: Wa njano kweli, na chakula chao ni mikaktasi. Umejitukana mwenyewe.

Mleta uzi: Jamani, nimeitwa mla simba mbele ya watu 14.

Mjukuu wa Mvita: Ndugu yangu, huyo mtu achana naye. Mimi nataka bei. Naskia kuingia hifadhi peke yake ni dola 200?

Mleta uzi: 200 kwa wageni wengi, tangu Agosti 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 100. Hapo sijasema ndege ya kutoka bara wala meli.

Mjukuu wa Mvita: Dola 200 uende ukakatazwe kumshika mnyama!

Kuli wa Malindi: Njooni kisiwa cha Changuu hapa Unguja. Kobe waliletwa kutoka Shelisheli 1919, wanne kama zawadi, leo unampa mchicha mkononi na kumkuna shingo, yeye anakunyooshea. Boti ni dakika chache tu. Ila nahodha niliyempata mimi mwezi uliopita, Mungu anamuona. Alizima mashine katikati ya maji ajibu simu ya mkewe. Dakika kumi! Tunayumba, watoto wanatapika, yeye "eeh mke wangu, eeh mke wangu."

Binti Chake: Bora wewe. Mimi kuvuka kwenda Pemba usiku wa kaskazi, abiria wa jirani alinitapikia kwenye mkoba wenye cheti cha kuzaliwa. Nilikipeleka kazini hivyo hivyo.

Kuli wa Malindi: Walikipokea?

Binti Chake: Kwa kalamu mbili, kama vijiti.

Mzee wa Kigamboni: Tangawizi mbichi, utafune kabla ya kupanda. Sio vidonge.

Nanyuki Moja: Swali. Hivyo visiwa si viko Ikweta kama sisi? Mbona kwa profile ya mleta uzi amepiga picha na sweta?

Ustadhi wa Ramani: Mkondo wa Humboldt. Unapandisha maji ya baridi kutoka kusini. Ndiyo maana hata penguini wanaishi huko, wengi wako visiwa vya Isabela na Fernandina. Julai huko ni ukungu na manyunyu.

Nanyuki Moja: Na sisi tuna baridi bila penguini. Huo ni uonevu.

Mleta uzi: Amepita sasa hivi hapa sokoni. Ameniona na simu. Amewaambia wale wazungu, "Mnaona? Nimesema. Soko la samaki ndiko tumemkuta."

Nyundo: Mkuu samahani, nimecheka mpaka bosi kaja.

Mzee wa Kigamboni: Lakini ni kweli wamekukuta sokoni.

Dada wa Köln: Ngoja kwanza. Wa kofia? Mweka hazina? Aliyekusanya mchango wa harusi ya Desemba kisha ukumbi ukakosa maji?

Mama Pacha: Huyo huyo! Ana euro 80 zangu za sare. Kitambaa mpaka leo sijakiona.

Dada wa Köln: Mimi 120.

Kuli wa Malindi: Mimi sikuwa kwenye harusi lakini jamaa yangu alichangia.

Mama Pacha: Mleta uzi, ukirudi chumbani muulize kuhusu sare. Rangi ilikuwa zambarau.

Mleta uzi: Siongei naye mimi.

Mama Pacha: Basi mwandikie kikaratasi. Zambarau, mita nne.

Mtani wa Jangwani: Mechi ya leo saa ngapi?

Mnyama Damu: Saa kumi.