Dada anapunguzwa tumbo wiki ijayo, akirudi nyumbani niangalie nini?

Binti Mzizima: Habari zenu wapendwa. Dada yangu ana miaka 41, kilo 134, na kisukari. Jumatatu anafanyiwa ule upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, unabaki mwembamba kama ndizi. Mimi ndiye nitakayemuuguza. Nichunge nini hasa? Mama tayari ameagiza kuku wa kienyeji wa supu.

Mama Nuru: Pole na hongera, mdogo wangu. Mimi nilifanyiwa huohuo miaka minne iliyopita. Siku ya sita, nimejilaza tu, moyo ukaanza kwenda mbio. Homa sina, tumbo haliumi sana, ila bega la kushoto linawaka. Shangazi akasema ni gesi, nikandwe. Mume wangu akanishika kifundo cha mkono, akahesabu kwa saa ya ukutani: mapigo 126 kwa dakika. Hakungoja kukuche. Kumbe tumbo lilikuwa linavuja pale kwenye mshono! Usiku uleule nikarudishwa chumba cha upasuaji.

Basi mhesabu mapigo asubuhi na jioni. Yakifika 120 naye amepumzika, usingoje homa, rudini alikopasuliwa.

Supu ya mama isubiri. Mwanzo ni vya majimaji vyepesi tu, kwa kikombe cha kahawa: funda moja, tulia, funda jingine. Kikombe kimoja kilinichukua nusu saa. Akiwa anatapika kila anachomeza, mpeleke. Wengine huishiwa vitamini B1 kwa kutapika hivyo, mishipa ya fahamu ikaharibika.

Kombo wa Pangani: Atembee tangu siku ya kwanza, hata kwa kushikiliwa. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikimkata ghafla, huenda damu imeganda. Hiyo ni hospitali saa hiyohiyo. Kama amepewa sindano za nyumbani za kuzuia damu kuganda, azimalize zote.

Binti Mzizima: Nashukuru sana. Mgongo ukimuuma huwa ananunua diklofenaki duka la dawa. Aendelee?

Mama Nuru: Hapana! Zitoe mkobani mwake leo. Zinachubua tumbo mpaka vidonda, na hilo lake litakuwa bichi. Amuulize daktari kuhusu parasetamoli. Vitamini nazo ni za maisha, mimi bado nameza.

Na anza kumhesabu mapigo leo, angali mzima, ili uyajue yake ya kawaida.