Naombeni ushauri: mhasibu wa miaka 38 nataka kusomea uuguzi

Mfunga Vitabu:
Wakuu, habari za majukumu. Nina miaka 38, mke na watoto wawili. Kazi yangu ni uhasibu, na siwezi kusema inanitesa. Ila mzee wangu alipopata kiharusi, mimi ndiye niliyemuuguza nyumbani. Manesi walinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili asitoke vidonda, na kumlisha akiwa amekaa wima asipaliwe. Nikajikuta naipenda kazi ile kuliko hii inayonilipa. Tangu hapo wazo halinitoki.

Mke wangu hakatai, anauliza tu tutaishije. Ndugu wengine wanasema nimechanganyikiwa. Je, umri huu kichwa bado kinashika? Naweza kusoma huku nafanya kazi? Na mwanaume mtu mzima anapokelewaje wodini? Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nesi wa Zamu:
Karibu mkuu. Kichwa kitashika, ondoa shaka. Shida iko kwenye swali lako la pili.

Masomo ya darasani unaweza kuyabana, ukasoma alfajiri au usiku. Mafunzo ya wodini hayabanwi. Kila zamu inasainiwa, na saa zikipungua utazifidia kabla hujaruhusiwa kumaliza. Ili upate picha: nchi za Umoja wa Ulaya zinataka angalau saa 4,600 za mafunzo kumtoa muuguzi wa huduma za jumla, na nusu yake au zaidi ziwe za vitendo kwa wagonjwa. Kwingine hesabu ni tofauti, ila mtindo ni huohuo. Wewe ni mhasibu, gawanya mwenyewe uone kama kuna ajira ya asubuhi hadi jioni itakayobaki salama.

Sisemi Uongo:
Mimi nitakuwa mbaya wako leo. Baba yako alikuwa mgonjwa mmoja, anakupenda. Wodini unao kumi na kitu, mmoja anakutukana, mwingine ametapika, wa tatu ndugu zake wanataka kujua kwa nini dawa imechelewa, na anayekata roho ni yule uliyedhani anaendelea vizuri. Halafu unaandika ripoti ya zamu kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mgongo! Kuinua watu ukiwa na miaka 40 na ushee si utani.

Kabla hujaacha kazi, omba kujitolea hospitalini au kwenye nyumba ya kutunza wazee, hata siku zako za mapumziko. Ukirudi nyumbani umechoka na bado unataka kurudi, nenda kasome.

Mama Kiranja:
Nilianza nikiwa na umri kama wako, kaka. Anatomia ilinitoa jasho mpaka nilipoacha kukariri majina na kuanza kufuata kazi: damu inaingia wapi, inatokea wapi, pakiziba nini kitavimba. Vijana wananishinda kukariri, mimi nawashinda kukaa na mgonjwa. Tukaunda kikundi, tukabadilishana.

Kwenye hesabu za dawa utatamba. Mfano: dripu ya ml 1,000 iishe kwa saa 8, na seti, yaani mpira wa dripu, inatoa matone 20 kwa kila ml. Matone 20,000 gawanya kwa dakika 480, unapata kama 42 kwa dakika. Kisha unasimama na saa mkononi, unayahesabu kwenye chemba, kile kichupa cha plastiki yanamodondokea, na kurekebisha kidhibiti. Wengi wanaifaulu karatasi wakakwama pale kwenye chemba.

Kaka wa Wodi 3:
Wanaume tupo, na hakuna anayeshangaa sana. Kwa mgonjwa wa kike jitambulishe, eleza unachotaka kufanya, omba ridhaa, mwite mwenzako wa kike asimame nawe. Akikataa, ni haki yake, usinune.

Kitakachokuuma zaidi ni mkufunzi wa rika la mdogo wako wa mwisho kukurudisha ufunge kidonda upya mbele ya darasa zima. Ukilimeza hilo, umemaliza.

Nesi wa Zamu:
Nyongeza. Hakikisha chuo kinatambuliwa na mamlaka inayotoa leseni za wauguzi, maana cheti bila leseni ni karatasi tu. Uliza kama sifa zako za sayansi zinatosha au utarudia baiolojia na kemia. Kama una shahada, ulizia njia fupi: Marekani, kwa mfano, wapo wanaomaliza chini ya miaka miwili kwa sababu tayari wana shahada ya fani nyingine. Na anza chanjo ya homa ya ini B mapema. Kwa ratiba ya kawaida ya dozi tatu, ya mwisho huja miezi sita baada ya ya kwanza.

Mfunga Vitabu:
Asanteni sana, hata wewe Sisemi Uongo. Kujitolea nimekubali, barua naandika wiki hii. Mke wangu kausoma uzi wote, kauliza kitu kimoja: nikiwa zamu ya usiku na yeye yuko kazini, watoto na nani?

Mama Kiranja:
Mwambie shemeji swali lake ndilo la kwanza. Nenda chuoni uombe ratiba ya mafunzo ya wodini ya mwaka uliopita, zamu zote zimo. Kaeni nayo mezani na ratiba yake ya kazi, mtie alama kila usiku usio na mtu. Hizo alama ndizo za kuzitafutia msaidizi kabla hujalipa ada.

Sisemi Uongo:
Na usiache kazi kabla barua ya kukubaliwa haijafika mkononi.